Akili Mnemba Ianzie Kwenye Makosa ya Mwanafunzi

Shule ikitaka kutumia akili mnemba, kwanza huulizia kompyuta na intaneti. Kwa shule za visiwa vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, zinazofikiwa kwa boti kutoka Nyamisati, ukianzia hapo utangoja sana. Afadhali uulize: ni kazi gani inamlemea mwalimu? Mara nyingi ni kusahihisha.

Chukua hesabu ya 402 − 178. Jibu ni 224. Mwanafunzi mmoja kaandika 376, mwingine 234. Wote wamekosa, ila hawaumwi ugonjwa mmoja. Wa kwanza anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Wa pili amechukua vizuri kutoka kwenye mamia, akasahau kwamba makumi yamebaki tisa. Wa kwanza arudishwe kwenye vijiti vya kuhesabia. Wa pili anahitaji mazoezi mawili matatu tu. Darasa likijaa, mwalimu hapati nafasi ya kuwatenganisha. Hapo ndipo mashine inafaa: mwalimu aingize majibu kwenye simu mahali penye mtandao, apewe makundi ya makosa, arudi darasani akijua nani akae na nani.

Ukosefu wa umeme na mtandao haukwamishi kila kitu. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyohitimishwa 2019, yalipeleka vishikwambi kwenye vijiji takribani 170 mkoani Tanga. Watoto walijifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, masomo yakiwa ndani ya kifaa na chaji ikitoka kwenye sola.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, usiingize majina ya wanafunzi, tumia namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda watoto pia. Pili, mashine hukosea kwa kujiamini. Iombe hadithi ya mikoko, inaweza kuchanganya mkandaa na mchu, jambo ambalo mtoto wa Salale, kule delta, hachanganyi. Mwalimu asome kwanza.

Vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vinatosha kwa majaribio. Walimu wawili wasahihishe madaftari yale yale, kila mmoja peke yake, kisha mashine nayo isahihishe. Ikipishana nao mara kwa mara, ibaki kutunga mazoezi. Alama zitolewe na mwalimu.