Bogenvilia Isiyotoa Maua

Bogenvilia ni kichaka chenye miiba, asili yake Amerika Kusini. Imeitwa kwa jina la Louis-Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa ambaye msafara wake ulifika Rio de Janeiro mwaka 1767. Zambarau, nyekundu au chungwa inayopendeza macho si ua. Ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni dogo, jeupe, lililofichwa katikati yake.

Mjini Babati hupandwa malangoni na kwenye nyuzio, na lalamiko kubwa la wenye nayo ni moja: inashiba majani, maua haitoi. Mara nyingi kosa ni kuihudumia kupita kiasi. Babati ni mji wa wakulima na wafugaji, samadi haiko mbali, na mwenye bustani huimwaga kwa moyo mweupe. Naitrojeni iliyomo husukuma majani na matawi marefu. Maji ya kila jioni hukamilisha kazi. Bogenvilia hupenda kiu kidogo. Ndiyo maana hung'ara wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, bustani nyingine zikiwa zimefifia. Iliyokwisha kushika mizizi inyweshwe udongo ukikauka. Ya kwenye chungu imwagiliwe mara nyingi zaidi, kwani chungu hukauka upesi. Kivulini haichanui vizuri: inahitaji jua la saa 6 kwa siku au zaidi.

Udongo mweusi wa mfinyanzi nao ni adui, kwa sababu hutuamisha maji ya mvua. Mizizi ikioza, majani huwa ya njano na kupukutika. Mwenye mmea hudhani ni kiu, akaongeza maji, akaumaliza. Hapo dawa ni kupanda juu ya tuta lililochanganywa mchanga.

Maua hutokea kwenye machipukizi mapya. Kuikata kila mara kama uzio wa michongoma ni kuondoa ncha ambazo zingechanua. Ipunguzwe maua yakishapita. Vidukari na vidung'ata huoshwa kwa maji ya sabuni kidogo.

Mizizi yake ni laini mno. Wakati wa kupanda, kiriba kichanwe kwa wembe, mche usivutwe, bonge la udongo lisivunjike. Anayetaka kupanda na asubiri mvua zianze. Mche ukishashika, akaze mkono wa maji.