Nasaba ya Ukoo wa Sheftall katika Koloni la Georgia

Wazee wetu wengi huzijua nasaba zao kwa moyo. Mzee akiulizwa yeye ni nani, hulitaja jina lake, kisha hupanda kwa baba, na babu, na baba wa babu, mpaka afike penye jina ambalo nyuma yake hapana akumbukaye tena. Elimu hii ni njema, lakini ina udhaifu mmoja: hukaa kifuani mwa mtu, na mtu akizikwa, nayo huzikwa pamoja naye. Kwa hiyo leo twataka kueleza habari za ukoo mmoja ulioandika mambo yake tangu ulipofika ugenini. Ukoo huo ni wa Kiyahudi, jina lake Sheftall, na ugeni wake ulikuwa katika koloni la Georgia, huko Marekani.

Koloni la Georgia liliasisiwa na Waingereza mwaka 1733, chini ya James Oglethorpe, na mji wake wa kwanza ukaitwa Savannah. Tarehe 11 Julai mwaka uo huo ilitia nanga merikebu iliyoitwa William and Sarah, iliyotoka London, nayo ilipakia Wayahudi yapata 42. Wakubwa wa koloni waliokaa London hawakupendezwa na habari hiyo. Lakini mjini Savannah homa ilikuwa ikiua watu, na miongoni mwa wageni alikuwamo tabibu, Samuel Nunez, ambaye aliwatibu wagonjwa. Oglethorpe akawapokea, wakapewa ardhi.

Wengi wa Wayahudi hao asili yao ilikuwa Ureno. Wachache walitoka nchi za Wajerumani, na hao walikuwa jamaa mbili tu: Minis na Sheftall. Mkuu wa jamaa ya Sheftall alikuwa Benjamin, mzaliwa wa Frankfurt iliyo kando ya mto Oder, aliyezaliwa mwaka 1692; mkewe aliitwa Perla. Benjamin alikuwa na desturi ya kuandika. Kwa herufi za Kiebrania aliweka daftari la Wayahudi wa Savannah: nani amefika, nani amezaliwa, nani ameoa, nani amehama, nani amekufa. Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Benjamin aliona kuwa watu nao ni mali.

Haukupita muda mrefu faida ya daftari hilo ikaonekana. Mwaka 1739 vita vilizuka kati ya Uingereza na Hispania, na Wahispania walikuwa jirani, katika nchi ya Florida. Wayahudi wa Kireno waliogopa mno. Huko kwao walikuwa wamebatizwa kwa nguvu, na wangalikamatwa na Wahispania wangalihukumiwa kama watu walioikana dini, ambao adhabu yao ilikuwa kuchomwa moto. Basi katika miaka ya 1740 na 1741 karibu wote walihama. Waliobaki ni jamaa zile mbili za Kijerumani, ambazo hazikubatizwa kamwe. Ndiyo sababu atafutaye mizizi ya Wayahudi wa Georgia hurudi kila mara kwenye majina hayo mawili. Na habari za wale waliohama, sehemu kubwa zimehifadhiwa na mkono wa Benjamin aliyebaki.

Sasa na tuushike uzi wa nasaba yenyewe. Perla alimzaa Mordecai tarehe 2 Desemba 1735, na mwaka uliofuata Perla akafariki. Mwaka 1738 Benjamin alimwoa Hannah Solomons, na mwaka 1739 akazaliwa Levi. Basi Mordecai na Levi walikuwa ndugu kwa baba, kila mmoja na mama yake. Mwenye kuandika nasaba asiyeandika majina ya akina mama angaliwafanya hao kuwa wana wa tumbo moja, naye angalikosea.

Mordecai alimwoa Frances Hart mwaka 1761, wakapata watoto, na miongoni mwao walikuwamo Sheftall, Perla, Benjamin, Moses na Esther. Yatazameni majina hayo. Desturi ya Wayahudi wa nchi za Wajerumani ni kumpa mtoto jina la jamaa aliyekwisha kufa, wala si la aliye hai. Perla mjukuu ni jina la bibi yake aliyefariki mwaka 1736. Naye Benjamin mjukuu alizaliwa baada ya babu yake kufariki mwaka 1765. Kwa hiyo majina huwa kama alama za njia: akionekana mtoto mwenye jina la babu, yafaa kuuliza kama babu alikuwa amekwisha kufa. Lakini alama hizo huweza kupoteza pia. Mtu akisoma “Benjamin Sheftall” pasipo mwaka, hawezi kujua kama asomaye habari zake ni babu au ni mjukuu. Na kifungua mimba wa Mordecai, aliyezaliwa mwaka 1762, aliitwa Sheftall Sheftall, jina lake na la ukoo likawa moja!

Vita vya Wamarekani vya kutafuta uhuru vilipotokea, Mordecai aliwekwa kuwa msimamizi wa vyakula na mahitaji ya askari wa Georgia. Tarehe 29 Desemba 1778 Waingereza waliuteka Savannah. Mordecai alikimbia na mwanawe Sheftall hata wakafika penye hori, na maji yalikuwa yamejaa. Baba aliweza kuogelea, mwana hakuweza. Mordecai hakutaka kumwacha mwanawe, wakakamatwa wote wawili, wakatiwa katika merikebu ya wafungwa, na baadaye wakapelekwa kisiwa cha Antigua. Wakati huo Frances alibaki Charleston na watoto wadogo, akiwalisha kwa kazi ya sindano. Wote wawili, baba na mwana, walipata kufunguliwa. Mordecai alifariki mwaka 1797. Sheftall aliishi hata mwaka 1847, na watu wa Savannah walimjua kwa kofia yake ya kale ya siku za vita, ambayo hakukubali kuiacha.

Na daftari je? Lilimwangukia Levi. Yeye aliyafasiri maandiko ya baba yake kwa Kiingereza, kisha akaendelea kuandika mpaka siku zake za mwisho. Alifariki mwaka 1809. Ndiye pia aliyeandika barua ya pongezi kwa Rais George Washington kwa jina la Wayahudi wa Savannah, na Rais akamjibu. Jumuiya yao ya sala, Mickve Israel, iliyoanzishwa mwaka 1735, ipo hata leo, nayo inaitunza Torati iliyoletwa katika merikebu ile ya kwanza.

Haifai kumaliza pasipo kulitaja jambo jingine. Mwanzoni sheria ya Georgia ilikataza utumwa, lakini tangu mwaka 1751 katazo hilo liliondolewa, na Mordecai na Levi walikuwa na watumwa, watu wa asili ya Afrika. Watu hao nao walikuwa na baba na mama na watoto. Lakini watumwa wa nchi ile waliandikwa zaidi katika hesabu za mali, mara nyingi jina moja tu na bei yake, pasipo “mwana wa fulani.” Kitukuu wa Benjamin aliweza kufungua kitabu akamwona babu yake akishuka merikebuni, kitukuu wa mtumwa hakuwa na kitabu. Hata pwani yetu, ambako utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, ziko jamaa ambazo nasaba zao zimekatika penye jina la mtu aliyeletwa kutoka bara, asijulikane ni wa nani. Kumnyima mtu nasaba ni sehemu ya kumfanya mtumwa.

Basi, nyinyi wanafunzi, na nyinyi mjuao kusoma vijijini, chukueni daftari mkae karibu na wazee wangali hai. Kwa kila mtu andikeni jina lake kamili, jina la baba na la mama, mahali na mwaka wa kuzaliwa, na kama amefariki, mwaka wa kufa. Mwaka usipojulikana, andikeni jambo kubwa lililotukia wakati ule, kama njaa au vita. Msiwaache wanawake, wala watoto waliokufa wachanga, wala waliohama. Benjamin Sheftall hakuwa mfalme wala mwanachuoni mkubwa. Alikuwa mgeni katika mji mpya, mwenye kalamu na subira. Hata sisi twaweza.