"Mdomo tu" halikuwa jibu

Habari ya mwezi huu ina aibu kidogo, lakini tunaomba msiukunje ukurasa. Sisi walimu wa kujitolea tuna kosa letu humu, na tumeona afadhali tulikiri mbele yenu kuliko kunyamaza.

Katika masomo ya jioni ya vijana wakubwa tuna kisanduku cha maswali. Mtu anaandika bila jina, sisi tunasoma kwa sauti na kujibu. Siku moja ilitoka karatasi hii: "Walimu, nilifanya ngono ya mdomo na mtu nisiyemjua vizuri. Hatukufanya kingine. Je, nimepata UKIMWI? Leo siku ya kumi sipati usingizi."

Darasa lilicheka. Sisi nasi, tukitaka yaishe haraka, tulijibu kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizi kirahisi kwa mdomo, kwa hiyo mwenzetu alale tu. Tukachukua karatasi nyingine.

Miezi ikapita. Usiku mmoja kijana mmoja, mume wa mtu, akabisha hodi. Mkewe alikuwa na mimba changa, na kliniki ya wajawazito walimkuta na kaswende. Nyumbani hapakaliki: mama analia, ndugu wa mume wanasema arudishwe kwao, eti ndiye aliyeleta ugonjwa.

"Ile karatasi ilikuwa yangu," akatuambia. "Wiki ya tatu nilitoka kidonda mdomoni, wala hakiumi. Nikanunua rangi mbili sokoni, nikameza vichache, kidonda kikaisha. Nikasema Mungu mkubwa. Na ninyi walimu mlisema mdomo tu hauna neno."

Hatukuwa na la kujibu. Kesho yake tulimsindikiza zahanati, na baadaye tukarudi wenyewe kwa nesi kuuliza vizuri. Haya ndiyo aliyotufundisha.

Mdomo unapitisha nini?

Kuhusu VVU hatukusema uongo. Hatari ya kuvipata kwa ngono ya mdomo ni ndogo sana, ingawa ipo. Inaongezeka kama mdomo una vidonda au fizi zinatoka damu, na shahawa zikiingia mdomoni. Tena mtu mwenye VVU anayemeza ARV vizuri, mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo, haambukizi mwenzake kwa ngono.

Kosa letu ni kwamba tulijibu kana kwamba VVU ndio ugonjwa pekee. Kumbe kaswende hupita kwa kugusana na kidonda, kiwe mdomoni au sehemu za siri. Kisonono hukaa kooni, na mara nyingi mtu hasikii chochote, au anaona ni koo kuwasha tu. Malengelenge nayo hutoka mdomoni kwenda sehemu za siri, na kurudi. Kuna pia virusi vya HPV, ambavyo huweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi na ya koo. Ndiyo maana kuna chanjo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi, ikifika msiikimbie.

Na tusidhani ni aibu ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee kulitokea maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya zinaa: kaswende, kisonono, klamidia na trikomonasi. Yote manne yana dawa ya kuyaponya.

Kupima kuna wakati wake

Wengi wanakimbia kupima kesho yake, wanaambiwa hawana kitu, wanashangilia. Hapo ugonjwa unaweza kuwa bado haujaonekana.

VVU: kipimo cha damu ya kidole huweza kuanza kuonyesha baada ya wiki 4 hivi, lakini jibu la kutegemea ni la baada ya miezi 3.

Kaswende: kidonda hutokea kati ya siku 10 na 90, mara nyingi kama siku 21. Hakiumi, na hupotea chenyewe kwa wiki 3 hadi 6 hata bila dawa. Kikipotea, ugonjwa haujaondoka, umeingia ndani. Ukipima mapema ukakosa, rudia baada ya miezi 3.

Kisonono na klamidia: ngoja kama wiki 2, lakini ukiona usaha, maumivu au kidonda, nenda siku hiyo hiyo. Kipimo cha koo hufanywa kwa kijiti chenye pamba, na si kila zahanati ina maabara yake. Kwa hiyo mwambie nesi wazi kuwa ilikuwa kwa mdomo. Ukisema tu "naumwa", atapima mkojo, na koo litasahauliwa.

Neno moja lisilongoja. Aliyebakwa, hata kama ni kwa mdomo, afike kabla ya saa 72 kupita, yaani siku 3. Kuna dawa za kuzuia VVU zinazomezwa siku 28, na mapema ndiyo bora. Si kosa lake, wala asiende peke yake kama anaogopa.

Unapongoja majibu

Acha ngono, au tumia kondomu, hata kwa mdomo. Kwa mwanamke, kondomu mpya hukatwa ncha na pete, kisha hupasuliwa ubavuni ikawa kama kitambaa cha kufunika. Kusukutua kwa chumvi au kwa pombe hakuondoi ugonjwa. Na vidonge vya sokoni viacheni. Kisonono kimezoea dawa nyingi za zamani, na dozi nusu inazidi kukizoesha.

Vijana wanaoogopa wazazi wajue kwamba hapa Tanzania sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila ruhusa ya mzazi.

Yule kijana alipimwa, akakutwa na kaswende. VVU hana; alirudia baada ya miezi 3, jibu lile lile. Yeye na mkewe walichomwa sindano za penisilini. Nesi alisema mimba ilikuwa bado changa, ndiyo bahati yao, maana kaswende isiyotibiwa huweza kuua mtoto tumboni. Mtoto amezaliwa salama.

Lakini dawa haikumaliza yote. Ilibidi kijana akae mbele ya ndugu zake na kusema kwa mdomo wake kwamba ugonjwa aliuleta yeye. Mama yule alisikiliza, hakusema neno. Bado wanaishi pamoja, na ndugu wameacha kumtukana. Mengine ni yao wawili.

Sisi tuliomba msamaha darasani. Tulisoma tena karatasi ile, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila jina, na safari hii hakuna aliyecheka. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tunaongeza: na anayeulizwa, asijibu nusu.

Kisanduku bado kipo. Andikeni. Tusilolijua, tutampelekea nesi kabla ya kufungua midomo yetu.