Kompyuta Iliyokufa na Kumbukumbu Zilizomo Ndani Yake



Mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimekolea, radi ilipiga karibu na ofisi yetu mojawapo ya Newala. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi yake kompyuta ya mezani haikuwaka. Haikutoa mlio wala taa, na nyuma yake palikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na orodha ya kaya zilizojengewa matangi ya kuvunia maji ya mvua, na hesabu za vikundi vinne vya kuweka na kukopa. Vitabu vya karatasi vilikuwa vimeishia mwaka uliotangulia, kwa kuwa mama katibu alikwisha kuzoea kuandika kwa kompyuta moja kwa moja. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, wanachama wamerejesha mikopo, na vikundi vyote vilikuwa vinajiandaa kuvunja kikoba mwisho wa mwezi ule. Akina mama zaidi ya mia walikuwa wanangoja fedha zao, na hesabu ya fedha hizo ilikuwa ndani ya kasha lisilowaka.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alitazama kwa dakika tano akasema, "Hii imekufa, nunueni nyingine." Akaongeza kwamba ile ya zamani angeichukua yeye kwa bei ya vyuma chakavu. Kuhusu kompyuta alikuwa na haki. Tulikaribia kumpa, na ndiyo sababu tumeona ni vema kueleza jambo hili kwa vituo vyetu vyote.

NINI HASA KIMEKUFA?

Watu wengi hudhani kompyuta ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba ni vitu vingi ndani ya kasha moja: pawa saplai inayoleta umeme, ubao mkuu unaounganisha kila kitu, kumbukumbu ya muda ambayo husahau yote umeme ukizimwa, na diski kuu, ambayo mafundi wetu huiita hadidiski. Barua, hesabu na picha zote ziko kwenye hiyo diski kuu. Ni kama mashine ya kusaga: injini ikiungua, unga uliokwisha kusagwa bado uko kwenye debe.

Ndani ya diski kuu ya kawaida mna sahani za madini au kioo zilizopakwa tabaka jembamba la sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma na kuandika bila kuzigusa, kwa nafasi ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Maandishi hukaa kwa njia ya sumaku, na sumaku haihitaji umeme ili idumu. Kwa hiyo radi ikija na umeme mwingi, mara nyingi kinachoungua kwanza ni pawa saplai, pengine na ubao mkuu, na diski husalimika. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi cha kutosha kwamba mtu asitupe kompyuta kabla ya kuitoa diski na kuijaribu.

KABLA YA KUFUNGUA

Anza na mambo madogo. Jaribu soketi kwa taa ya mezani. Badilisha waya wa umeme. Tazama kama swichi ya nyuma ya kasha imezimwa. Kama feni inazunguka ila skrini ni nyeusi, huenda tatizo ni kumbukumbu ya muda: itoe, futa meno yake kwa ufutio wa penseli, irudishe mpaka ilie "ka!" pande zote mbili. Kompyuta kadhaa zimefufuka kwa ufutio tu.

Pawa saplai yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa. Ndani yake mna vitunza umeme vinavyoweza kumpiga mtu muda mrefu baada ya waya kutolewa.

KUITOA DISKI

Chomoa waya zote, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili wako utoke, kisha fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi ya nyota. Diski ya kompyuta ya mezani ni kisanduku cha chuma kizito chenye ukubwa wa kitabu kidogo cha nyimbo, kimeshikwa kwa skrubu nne. Ya laptopu ni ndogo, hutosha kiganjani, na huwa chini ya kifuniko upande wa tumbo.

Tazama waya inayoingia kwenye diski. Zile kompyuta za zamani tulizoletewa na marafiki wa nje huwa na utepe mpana wa pini 40. Aina hiyo ni IDE. Zilizofuata zina waya mwembamba. Hiyo ni SATA. Ni lazima ujue aina kabla ya kutafuta kifaa cha kuiunganishia, kwa sababu kimoja hakiingii kwa kingine. Diski za IDE zina pia kipini kidogo cha plastiki kiitwacho jampa, na ukiiunganisha peke yake kwa kawaida jampa hukaa kwenye nafasi ya Masta. Mchoro wa nafasi hizo umebandikwa juu ya diski yenyewe.

Diski yetu ilikuwa SATA. Mratibu aliifunga kwa kitambaa kikavu, akaiweka ndani ya kopo la biskuti, na kopo akalipakata kwenye basi mpaka Masasi. Abiria mwenzake alitaka kujua amebeba biskuti gani asizozigawa. Mratibu alifanya vizuri, kwa sababu diski isiyozunguka huvumilia mtikisiko kuliko inayozunguka, lakini kuangushwa sakafuni hakuvumiliki kwa vyovyote.

KUIUNGANISHA NA KOMPYUTA NZIMA

Masasi tuliazima kifaa cha kugeuza SATA kuwa USB. Ni kebo tu yenye kichwa cha diski upande mmoja na kichwa cha USB upande wa pili. Hapa kuna jambo ambalo limeua diski za watu wengi: diski ndogo ya laptopu hutosheka na umeme wa volti 5 unaotoka kwenye USB, lakini diski kubwa ya mezani inahitaji pia volti 12, na kwa hiyo kifaa chake huja na chaja yake. Usitumie chaja ya redio kwa kuwa tu inaingia. Ukikosa kifaa kabisa, diski inaweza kufungwa ndani ya kompyuta nyingine ya mezani kama diski ya pili.

Tulipoichomeka ilianza kuzunguka taratibu kwa sauti ya kawaida. Kila mtu aliyekuwa chumbani alinyamaza. Baada ya nusu dakika ilitokea kwenye skrini kama flashi kubwa.

Wakati mwingine Windows itakuuliza kama unataka kufomati diski hiyo. Jibu ni HAPANA, hata ikiuliza mara kumi. Inauliza kwa sababu imeshindwa kuelewa inachokiona, na wewe unachokitafuta kinaweza kuwa bado kipo. Wakati mwingine itakwambia huna ruhusa ya kufungua folda, kwa kuwa folda hiyo ilikuwa ya mtumiaji wa kompyuta ile nyingine. Hapo anayetumia kompyuta akiwa na mamlaka ya msimamizi anaweza kujipa ruhusa. Njia nyingine ni kuwasha kompyuta kwa Linux kutoka kwenye CD au flashi, bila kuisakinisha, ambayo kwa kawaida haizuiwi na ruhusa hizo na inagawiwa bure.

Na mafaili yako wapi? Kwenye Windows XP tafuta folda ya Documents and Settings. Kwenye matoleo yaliyofuata tafuta Users. Ndani yake kuna jina la mtumiaji, na ndani ya jina kuna Documents, Pictures na Desktop. Usiisahau hiyo ya mwisho. Mama katibu alikuwa amehifadhi karibu kila kitu kwenye Desktop, na laiti tungenakili Documents peke yake tungerudi Newala na barua tatu za mwaliko wa semina.

Nakili kwanza, fungua baadaye. Usianze kusoma faili moja moja ukiwa bado kwenye diski ya zamani, kwa sababu hujui itaendelea kuzunguka kwa muda gani.

Orodha ya matangi ilipatikana yote. Hesabu za vikundi vitatu zilifunguka bila tatizo. Ya kikundi cha nne ndiyo iliyokuwa wazi kwenye skrini radi ilipopiga, nayo ilikuwa imeharibika. Tulipata nakala yake ya mwezi wa Novemba kwenye folda nyingine. Miezi iliyobaki ilijazwa kwa kukaa na wanachama siku mbili chini ya mwembe, kila mmoja na kitabu chake cha hisa mkononi. Kulikuwa na maneno, maana vitabu viwili havikukubaliana na kumbukumbu za mweka hazina, lakini kikoba kilivunjwa.

DISKI INAPOKUWA MGONJWA YENYEWE

Kama diski inatoa mlio wa "tak, tak, tak" au kukwaruza, izime mara moja. Huenda kichwa kinagusa sahani, na kila dakika ya kuzunguka inafuta zaidi. Usiifungue; punje moja ya vumbi jekundu la Newala ni jabali mbele ya kichwa kile. Usiiweke kwenye friza, ingawa utashauriwa hivyo, kwani unyevu utaganda juu ya sahani. Kubadilisha ubao wake wa umeme na wa diski nyingine ya aina ileile nako kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu kila ubao huwa na vipimo vya diski yake yenyewe. Kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Hapo kamati iamue kama kilichomo kinastahili.

Kama diski haitoi mlio mbaya ila inasoma polepole na kukwama, kuna programu ya bure iitwayo ddrescue, inayonakili kwanza sehemu nzima na kurudia baadaye zile zenye shida. Kama faili zilifutwa kwa bahati mbaya, kuna TestDisk na PhotoRec, nazo za bure. Sharti lake ni kwamba usiandike chochote kipya kwenye diski hiyo tangu faili zilipofutwa, hata programu yenyewe ya kuokolea.

Laptopu za siku hizi zina mambo mawili yanayobadilisha maelezo haya. Nyingi zina diski za SSD zisizo na sahani. Hizo hazikwaruzi, lakini zinaweza kufa ghafla bila dalili, na faili iliyofutwa humo mara nyingi hairudi. Pia Windows mpya huweza kufunga diski nzima kwa ufunguo wa siri uitwao BitLocker. Ukiitoa diski hiyo ukaichomeka kwingine, utaombwa tarakimu 48. Ziandikeni leo, zihifadhiwe pamoja na hati za ofisi.

MAJINA YA WATU

Diski iliyotolewa hufunguliwa na yeyote mwenye kebo. Za kwetu zina majina ya watoto yatima, ya waliokopa, na katika baadhi ya vituo majina ya wanaopata dawa za kufubaza virusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatudai tuzilinde. Kwa hiyo mtumishi wa ofisi akae na fundi mpaka kazi iishe, na kompyuta isiuzwe ikiwa na diski yake.

NAKALA ZIKAE WAPI

Misheni ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wamagwangwara, na wamisionari wakahamia Newala kwa Matola. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ya Masasi iliporwa na kuchomwa moto. Miji hii miwili imekwisha kuhifadhiana siku nyingi, na sasa tumeanza tena kwa njia ndogo: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi ofisi ya Newala inanakili kazi zake kwenye diski ya nje inayopelekwa Masasi, na ya Masasi inapanda Newala. Flashi iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta haihesabiwi, maana radi haitazibagua.

Wingu likikusanyika, chomoa waya wa umeme na wa mtandao pia. Na kuanzia Juni, mikorosho inapopuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, fungeni madirisha na kufunika kompyuta. Salfa hula shaba na fedha, na viungo vya ndani ya kompyuta vimetengenezwa kwa madini hayo.

Tumenunua kebo yetu wenyewe ya IDE na SATA pamoja na chaja yake ya volti 12. Ipo ofisi ya Masasi, droo ya pili ya kabati la mhasibu. Kituo kinachoihitaji kimtume mtu mwenye barua, asaini daftari, na airudishe pamoja na chaja.