Kinundu Nyuma ya Ulimi

Nilikuwa natafuta mwiba wa sato. Saa tano usiku, mdomo wazi mbele ya kioo cha bafuni, tochi ya simu mkononi. Mwiba sikuuona. Niliona vinundu vyekundu vimejipanga nyuma kabisa, pale ulimi unapoanza kuteremkia kooni. Kwa siku tatu nilivigusa kwa kidole asubuhi na jioni, kila mara nikikaribia kutapika, mpaka mke wangu akaniuliza kama nina mimba.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye benchi la kliniki moja ya kinywa na meno jijini Dar es Salaam, katikati ya watu walioshika mashavu. Mimi peke yangu sikuwa nimeshika kitu.

Daktari, mwanamke wa makamo asiyetaka kutajwa jina, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Alikunjua kipande cha shashi, akakizungushia ncha ya ulimi wangu, akaushika. Jaribu kuushika ulimi kwa vidole vitupu: unaponyoka kama kambale. Kwa shashi unatulia. Akauvuta kulia, taratibu, akamulika ubavu wake wote mpaka usawa wa gego la mwisho. Akauvuta kushoto. Akainua ncha, akatazama chini kunakotoka mate. Halafu kidole chake cha shahada, ndani ya glavu, kikaanza kutembea juu ya ulimi kikibonyeza na kuachia, kikibonyeza na kuachia, ilhali macho yake yameelekea dirishani.

Baadaye nilimuuliza alikuwa anatazama nini nje. “Hakuna. Macho yananionyesha rangi, lakini ugumu nausikia kwa kidole. Ulimi ni msuli, ukiubonyeza unabonyea. Natafuta pale pasipobonyea, kama kokoto ndani ya wali.”

Akamalizia kwa kupapasa chini ya taya na shingoni, akitafuta mitoki. Sidhani kama dakika tatu zilitimia.

“Vyako umezaliwa navyo, kaka,” akasema. Ni vinundu vya kuonjea; kwa kawaida huwa 8 hadi 12, vimepangwa mfano wa herufi V, na kila mtu anavyo. Hakucheka. Watu wa aina yangu huwapokea mara kwa mara, na anasema ukimcheka mmoja, wa pili mwenye tatizo la kweli ataona haya kuja.

Wanaomnyima usingizi ni wasioumwa. Saratani ya ulimi hupenda kukaa ubavuni, siyo mgongoni tunapopatazama tukitoa ulimi kwenye kioo, na mwanzoni inaweza isiume kabisa. Habari za sigara, ugoro na pombe msomaji anazijua. Wala tambuu haikusalimika: popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imethibitishwa kusababisha saratani. “Lakini usiandike kwamba ni ugonjwa wa wavutaji,” alinionya. “Wapo wanaougua ambao hawajawahi kugusa sigara.”

Vinundu vingi vya ulimi havina ubaya: kovu gumu la kujiuma, kitezi cha mate kilichoziba kikajaa, kijinyama tu. Kanuni yake ni kwamba kinundu au kidonda kisichoondoka ndani ya wiki mbili kionwe. Kikitia shaka, mgonjwa hupigwa ganzi, hukatwa kinyama kidogo, kinatiwa kwenye kichupa cha fomalini, kinapelekwa maabara. Hapo ndipo kusubiri kunapoanza.

Baada yangu aliingia mzee aliyekuja kung'oa gego lililovunjika. Naye akashikwa ulimi kwa shashi. Kila anayekalia kile kiti hushikwa. Ubavuni, mkabala na ncha kali ya jino lile, kidole kilisimama.

“Hiki kinauma, mzee wangu?”

“Hakiumi, binti yangu. Najiuma tu. Nikijiuma najua kuna mtu ananisengenya.”

Jino likang'olewa, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Nilimuuliza daktari kwa nini hakukata kinyama siku ile ile. Kama ni jino, alieleza, kinundu kitanywea chenyewe sasa kwa kuwa kilichokuwa kikikichubua kimeondoka. Na kama si jino? “Ndiyo maana nataka arudi.”

Akanionyesha daftari la wanaotakiwa kurudi. Waliorudi wamewekewa alama. Ukurasa niliouona ulikuwa na nafasi nyingi tupu, na namba kadhaa za simu ni za wajukuu au majirani. Wamepona? Wamekosa nauli? Wameogopa jibu? Daktari hajui. Na yule ambaye meno yake hayajawahi kuuma, asiye na sababu ya kukalia kiti kile, ubavu wa ulimi wake unapapaswa na nani?

Mzee aliondoka na pamba mdomoni, amekunja karatasi ya tarehe akaitia ndani ya kofia. Wiki zake mbili zinatimia Jumatatu.