Gunia lisilo na mwenyewe

Nilikuwa nimekwenda Kipsongo, mtaa wa Kitale, kuulizia bei ya mahindi. Nikayasahau mahindi. Kando ya barabara lori lilikuwa likipakiwa mizigo ya kwenda Turkana, na juu yake mzee mmoja, peku, alikuwa akihangaika na gunia la maharagwe ambalo halikujaa hata nusu. Alilichomeka kati ya kreti za soda na mifuko ya simiti, akalitoa, akalipiga ngumi mbili tatu, akalilaza upya na kulikandamiza kwa kisigino. Chini, vijana wanne walikuwa wakimngoja. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Hilo la nani, mzee?" nikauliza.

"Hilo halina mwenyewe. Hiyo ni kabari."

Lori la kaskazini halibebi kitu kimoja. Kuna unga, vitunguu, mabati, sabuni, magodoro, mafuta ya kupikia na kabichi, vyote vya wenye maduka tofauti wa Kainuk, Lokichar, Lodwar, pengine hadi Kakuma. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kilomita kama 300, na ukishapita Makutano tu unakutana na kona za Kamatira, ambako malori yameangusha zaidi ya mizigo. Mzee huyu aliingia Kitale akiwa mtoto, wazazi wakikimbia ukame, kama Waturkana wengi wa mtaa huu. Alianza utanboi. Siku hizi habebi, anapanga. Aliniomba jina lake nisiliandike, kwa kuwa matajiri wa malori hawapendi habari zao zitoke gazetini.

Kila tanboi anajua kwamba mzigo wa mwisho kuteremshwa ndio wa kwanza kupakiwa. Mzee aliniambia huo ni ujuzi wa siku moja. "Ukiteremsha wa Kainuk, umetoboa shimo. Sasa ule wa Lokichar utaegemea nini?" Kwa hiyo hapangi shehena moja. Anapanga ile inayoondoka Kitale, ile itakayobaki baada ya Kainuk, na ile itakayobaki baada ya Lokichar, zote ndani ya bodi moja, na kila moja lazima isimame peke yake. Magunia huyalaza yakipishana kama matofali. Sabuni haikai karibu na unga, maana unga hunyonya harufu. Vitunguu huviachia hewa. Uzito wote ukirundikwa nyuma, usukani unakuwa mwepesi mlimani. Ukirundikwa mbele, mizani itamkamata dereva kwa ekseli moja hata kama jumla ya tani iko sawa.

Na lile gunia? Barabara ikitikisa, aliniambia, kila kitu kinashuka kidogo. Unga unajibana, kabichi zinanywea, na mahali palipokuwa pamejaa panafunguka pengo la upana wa kiganja. Kiganja hicho kinatosha. Kreti inapata nafasi ya kukimbia, inagonga jirani yake, na kwenye kona lori zima linahisi. Gunia lililojaa haliwezi kuliziba pengo hilo kwa sababu limekakamaa. Lisilojaa linateleza lenyewe. Maharagwe yanamiminika kuelekea kwenye nafasi, na kadiri safari inavyotikisa ndivyo linavyokaza. "Nimeliweka hapo," alisema, "kwa ajili ya pengo ambalo bado halijatokea."

Nilimwonyesha video kwenye simu. Ng'ambo, kampuni zimekuwa zikifundisha roboti kazi hii. Stretch, ya Boston Dynamics, ilitambulishwa mwaka 2021 na kuanza na kupakua, kwa kuwa kupakua ni rahisi. Mwaka 2023 kampuni ya Dexterity na FedEx zilionyesha roboti inayopakia maboksi ndani ya lori. Hesabu yake inatisha. Mizigo 10 pekee inaweza kupangwa foleni kwa namna 3,628,800, kabla hujageuza hata mmoja ubavu. Mara nyingi mashine haijui boksi linalofuata ni la ukubwa gani, na rundo lazima lisimame katika kila hatua, si mwishoni tu.

Mzee alitazama hadi mwisho, akaomba irudiwe.

"Ni boksi tupu hizi," alisema. "Gunia je?"

Hapo ndipo penyewe. Boksi lina pembe sita za kuhesabu, mashine nazo hupenda pembe. Samahani, nane, mzee ndiye aliyenisahihisha, akizihesabu kwenye katoni ya sabuni. Gunia lina umbo jipya kila likiguswa. Isitoshe, Stretch huinua hadi kilo 23. Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55. Vijana wale wanne walikuwa wakipandisha mahindi ya kilo 90, ngazi yao ubao mmoja unaopinda.

Nikamuuliza kama anaiogopa mashine. Akanijibu kwa swali: "Ikipakia vibaya, nani anapigiwa simu usiku?" Sikuwa na jibu. Sina jibu pia kwa nini wanaobeba hulipwa kwa kila gunia naye kwa lori zima, chochote tajiri atakachoona kinafaa. Wala kwa nini miongoni mwa wale vijana hakuna hata mmoja anayefundishwa kupanga. Mgongo wake ameshaumaliza. Kichwani ana kitu ambacho wahandisi wanakitafuta kwa pesa nyingi, na hakuna aliyekiandika.

Turubai lilifungwa saa kumi na mbili jioni. Niliposoma karatasi ya mizigo sikuliona lile gunia. Ni la mzee mwenyewe. Huenda Lodwar na kurudishwa Kipsongo kila safari, na maharagwe yake, yaliyokwisha kutobolewa na wadudu, hayajawahi kuonja maji ya moto.