Duka la mtandaoni: kabla ya kujenga, tuulize ufunguo uko mkononi mwa nani

Tunaandika kutoka Nyangwe, kando ya mto Lualaba.

Akina mama wa kanisa letu walituletea ulizo. Wanashona nguo za kitenge na kusuka vikapu. Watoto wao walio Goma, Kinshasa na Ulaya wanawaambia kila mara: «Mama, fungueni duka kwenye intaneti, huku watu watanunua.» Katika likelemba yao wamefikisha dola 150. Basi wakatuuliza: tujenge kwa programu gani, na duka hilo tuliweke wapi?

Hatukujibu siku ile, kwa sababu tulikumbuka yaliyokipata kikundi kimoja tunachokijua. Kilimlipa kijana dola 200, naye akakijengea tovuti nzuri. Lakini jina la tovuti aliliandikisha kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake na neno la siri lake. Mwaka ulipokwisha, kijana alikuwa amehamia mji mwingine na kubadilisha namba ya telefone. Hakuna mwingine aliyeweza kuingia na kulipia jina tena. Duka lilizimika, na majina ya wateja yote yalipotea pamoja nalo. Kijana yule hakuwa mwizi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza ufunguo utabaki kwa nani.

Ndiyo maana tunaandika makala hii, kusudi makanisa mengine ya mashariki yasipite njia ileile.

Nyangwe yetu inajua soko. David Livingstone alipofika hapa mwaka 1871 alikuta maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakivuka mto kwa mitumbwi kuja kuuza na kununua. Tunajua pia damu iliyomwagika sokoni humo tarehe 15 Julai mwaka uleule, na hatuitaji kwa wepesi. Tunakumbusha jambo moja tu: wazee wetu wa kike waliuza mahali palipojulikana, siku iliyojulikana, kwa watu waliowafahamu kwa sura. Kwenye intaneti mteja hatuoni, nasi hatumwoni. Kwa hiyo ni lazima tujue vizuri mahali tunapokaa ni pa nani.

Vitu vitatu, si kimoja

Watu husema «tovuti» kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kweli ni vitatu, na kila kimoja kina mlango wake.

Cha kwanza ni jina, ambalo wajuzi wanaliita domeni. Ni anwani ambayo mteja anaiandika, inayoishia kwa .com au kwa .cd ambayo ni ya nchi yetu ya Kongo. Jina la .com hulipiwa kila mwaka, mara nyingi kati ya dola 10 na 15. Usipolipa, linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Cha pili ni kiwanja, yaani hostingi. Ni nafasi unayokodi ndani ya kompyuta kubwa, inayoitwa seva, ambayo inakaa macho usiku na mchana kusudi duka lionekane hata umeme wako unapokatika.

Cha tatu ni nyumba yenyewe: programu inayojenga kurasa, kupanga picha na bei, na kupokea maagizo ya mteja.

Kampuni moja inaweza kukuuzia vyote vitatu kwa pamoja. Ni rahisi, lakini ukigombana nayo au ikipandisha bei, umeshikwa kotekote. Hata ukipangisha kiwanja na nyumba kwa wengine, jina liwe lako daima. Mwenye jina anaweza kuhama na wateja wake wakamfuata.

Njia tatu zilizo mbele yetu

Njia ya kwanza ni kubaki kwenye telefone. WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaongezwa katalogi, yaani ukurasa wa kuonyesha bidhaa na bei zake. Ni bure, na watu wetu wanaijua. Kikundi ambacho bado hakina mteja hata mmoja wa mbali kianzie hapo. Hasara yake ni kwamba kila kitu kimefungwa kwenye namba ya telefone. Kadi ya simu ikipotea na haikuandikishwa kwa jina la mtu wa kikundi, duka limepotea pia.

Njia ya pili ni kampuni zinazouza nyumba pamoja na kiwanja, kama vile Shopify ya Kanada au Wix ya Israeli. Hapo huhitaji fundi: unachagua sura, unaweka picha, duka linafunguka siku ileile. Usalama wa seva ni kazi yao. Lakini angalieni hesabu. Duka la msingi la Shopify kwa bei ya Marekani linakaribia dola 30 hadi 40 kwa mwezi. Wix ina mpango wa bure, ila huo una matangazo yao na hauruhusu kupokea malipo. Tena, tovuti iliyojengwa kwa Wix huwezi kuibeba ukaiweka kwenye seva ya kampuni nyingine. Shopify inakuruhusu kutoa orodha ya bidhaa na wateja, lakini sura ya duka unaiacha.

Njia ya tatu ni WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003, pamoja na WooCommerce, kifaa chake cha duka kilichotoka mwaka 2011, nacho bure. Unakodi kiwanja cha kawaida, ambacho mara nyingi ni dola 3 hadi 10 kwa mwezi, na unaweza kuhama na nyumba yako yote. Gharama yake ni uangalizi. Lazima mtu aingie mara kwa mara kufanya mabadiliko ya usalama yanayotolewa, la sivyo wezi wa mtandao watapata dirisha wazi. Kama hakuna kijana mwaminifu wa kufanya kazi hiyo, njia ya pili inaweza kuwa bora hata kama ni ghali.

Na jihadharini na bei ya kukaribisha. Kampuni nyingi za hostingi huandika bei ndogo kwa mwaka wa kwanza, kisha bei inapanda unapolipa tena. Ulizeni bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa wa kwanza.

Tuketi tuhesabu gharama

Bwana Yesu katika Luka 14 alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu. Tulifanya hivyo pamoja na akina mama, kwa kalamu na kaye.

Tuseme kikapu kimoja kinabakiza faida ya dola 2. Kwa dola 30 kila mwezi, mwaka mzima ni dola 360. Hapo vikapu 180 vya kwanza ni kwa ajili ya kulipa mwenye nyumba, kabla mama hajapata hata franka moja. Kwa njia ya tatu, jina la dola 15 na kiwanja cha dola 5 kwa mwezi, jumla ni dola 75 kwa mwaka, yaani vikapu 38. Mama mmoja mzee akasema: «Vikapu 180 ni mikono ya nani?» Ulizo lake lilitusaidia kuliko maelezo yetu yote.

Uzito wa ukurasa

Wauzaji wa tovuti huonyesha sura zenye picha kubwa na video zinazocheza zenyewe. Kwa mteja wa Kasongo au Kabambare anayenunua mega kidogokidogo, ukurasa kama huo ni mzigo. Picha moja ya telefone ya leo inaweza kuwa na megabaiti 3 au zaidi, na picha 12 kama hizo zinakula mega nyingi kabla mteja hajaona bei. Punguzeni kila picha iwe chini ya kilobaiti 150. Chagueni sura nyepesi, kisha mjaribu duka kwa telefone ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao ni hafifu. Likichelewa kwenu, litachelewa kwa mteja pia.

Malipo

Hapa ndipo wengi wanakwama. Huduma kubwa za kupokea kadi za benki, kama vile Stripe, hazimfungulii akaunti muuzaji aliye Kongo, na mfumo wa malipo wa Shopify wenyewe nao haupo kwetu. Anayetumia Shopify bila mfumo huo hukatwa nyongeza kwa kila mauzo, asilimia 2 kwenye mpango wa msingi. Basi kabla ya kupenda sura ya duka, ulizeni: feza itafikaje mkononi mwetu?

Kwa duka dogo, jibu letu ni M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mteja anaagiza kwenye tovuti, tunamwandikia kwa WhatsApp, analipa, ndipo tunatuma mzigo. Aliye Ulaya analipa kupitia ndugu yake aliye nchini. Lakini msiamini ujumbe tu kwamba feza imetumwa, kwa maana ujumbe wa uongo ni rahisi kuandika. Angalieni salio kwenye akaunti yenyewe, kisha mtoe kikapu.

Nasi pia tuwe waaminifu. Picha iwe ya kikapu kilekile. Siku za safari ziandikwe kwa kweli, kwa kuwa mzigo unaotoka Nyangwe kwa pikipiki wakati wa mvua haufiki kwa siku mbili. Namba za wateja tuzilinde. Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali tangu Machi 2023, na sheria hiyo inagusa biashara ya mtandaoni na ulinzi wa habari za watu.

Nakala ya akiba

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva za kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi sana zilizimika, na wenye tovuti ambao hawakuweka nakala mahali pengine walipoteza kazi yao moja kwa moja. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, kiwanja cha bure ambacho watu wengi walikuwa wamejenga kurasa zao. Na sisi Wakongo tunakumbuka jinsi intaneti ilivyokatwa nchini tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikarudi karibu wiki tatu baadaye.

Fundisho ni lilelile. Kila mwezi chukueni nakala ya duka zima, muiweke kwenye kompyuta au ufunguo wa USB. Na orodha ya wateja, pamoja na namba zao, iandikwe pia kwenye kaye. Intaneti ikizimika, kaye inabaki, na mama anaweza kupiga simu.

Tulivyoshauri

Akina mama walikubali njia ya tatu, kwa bidhaa 12 tu za kuanzia. Walifungua kwanza barua pepe ya kikundi. Jina na kiwanja viliandikishwa kwa barua pepe hiyo. Hakuna kati yao mwenye kadi ya benki, kwa hiyo mtoto wa mmoja wao alilipa kwa kadi yake, lakini akaunti ikabaki ya kikundi. Kijana anayejenga alipewa ruhusa ya fundi, inayoweza kuondolewa siku akihama. Kati ya dola 150 zimetoka 75. Nyingine 75 zimebaki kwa mega, vitambaa na usafirishaji, kwa sababu duka bila bidhaa ni picha tu.

Hatujui kama watauza sana. Hilo tunaliombea. Kwa sasa mweka hazina na katibu wameandika maneno ya siri kwenye karatasi mbili, kila moja ndani ya bahasha. Moja iko katika sanduku la kikundi, lile lenye kufuli mbili ambalo wanawekea likelemba. Nyingine iko nyumbani kwa katibu, chini ya Biblia yake. Tarehe ya kulipia jina mwaka ujao wameiandika kwa chaki ukutani, karibu na ratiba ya zamu za kufagia kanisa.